Kigezo Kwenye Msumari

Ukiambiwa kuwa utapigwa mionzi ya nyonga, nunua chupa ya maji ya lita moja yenye kifuniko kisichovuja. Naanza na hilo kwa sababu mimi sikuambiwa. Kibofu sharti kijae ili kiusukume utumbo mbali na mahali panapopigwa. Kwa hiyo wanawake huketi kwenye benchi, kila mmoja na chupa yake, wakinywa na kungoja. Ukinywa mapema mno, zamu yako itafika ukiwa msalani. Ukichelewa, utarudishwa benchini kama mtoto aliyesahau daftari nyumbani. Nilijifunza kunywa nusu ya chupa nikiwa wa sita kwenye foleni na nusu iliyobaki nikiwa wa tatu, na mpango huo ulinifaa karibu siku zote ishirini na tano.

Jambo la pili ni kwamba huenda usilie. Waliokuja kunijulia hali walinitazama usoni wakingoja machozi, na yalipokosa kuja nadhani niliwavunja moyo. Nilikuwa kama mkono uliolaliwa vibaya: upo, unauona, na ukiguswa unajua tu kwamba umeguswa. Ganzi hiyo ilinishika tangu mvua za Aprili hadi mwaka ulipogeuka, na sehemu yake ningali nayo. Sikusimulii haya ili kukutisha. Nakusimulia ili usidhani una kasoro nyingine juu ya ile uliyoambiwa.

Mimi ni fundi wa sare za shule. Nilisomea ualimu, nikafundisha sayansikimu kwa miaka sita, kisha nikafungua karakana hapa Ziwani, katika chumba kirefu ambacho zamani kilikuwa ghala la mkaa. Tuna cherehani sita na meza moja ya kukatia. Mafundi na wateja wote huniita Mwalimu, na jina hilo lina sehemu yake katika kosa nitakalolieleza.

Damu ilianza kunitoka ovyo nikiwa na umri wa miaka arobaini na saba. Nilidhani ni hedhi inayojiandaa kukoma. Ilianza Januari, msimu wa sare, wakati ambao watu wa kazi yetu hawaugui. Februari niliinunulia pedi, Machi nikaizoea. Siku moja ya Aprili, mvua ikipiga mabati, niliinuka kutoka kwenye kiti nikakuta Mama Halima amekwisha kukifunika kwa kipande cha kitambaa cha buluu. Alinifunga leso kiunoni, akanivuta karibu na mlango.

"Mwalimu, kesho hatukuoni hapa. Kesho uko hospitali."

"Nina oda ya sweta za—"

"Wallahi ukija, nafunga mlango kwa ndani. Utashonea mvuani."

Mama Halima anatoka Majengo, naye ndiye mkaguzi wa karakana. Hakuna kipande kinachokwenda kwenye cherehani kabla hajakipitisha mkononi mwake. Ana macho mabaya ya mbali na macho ya ajabu ya karibu. Nilimtii.

Wiki tatu baadaye niliketi mbele ya daktari, mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo, Baba Mwende akiwa kando yangu. Mume wangu ni mchonga vinyago, kama walivyokuwa baba yake na babu yake kule Ukambani. Siku hiyo alikuwa ametoka kazini moja kwa moja na vumbi la mbao lilikuwa kwenye nyusi zake. Nakumbuka nyusi zile kuliko ninavyoyakumbuka maneno ya kwanza. Saratani ya mlango wa kizazi. Haijasambaa mbali, alisema, lakini imekwisha kupita hatua ya kupasuliwa.

"Imetoka wapi?" nikauliza.

"Ni kirusi. Kinaitwa HPV. Watu wengi hukipata wakiwa vijana, kwa njia ya kujamiiana, na miili mingi hukifukuza wenyewe wasijue. Wako haukukifukuza."

Baba Mwende akasogeza kiti. Hakikusogea sana, labda upana wa kiganja, lakini nilikisikia kikikwaruza sakafu.

"Nani alimletea mwenzake?" akauliza.

"Hakuna kipimo kinachoweza kujibu hilo, mzee. Kinaweza kukaa kimya miaka ishirini. Kinaweza kuwa cha kabla hamjajuana. Nikikwambia ni huyu au yule, nitakuwa nimekudanganya."

Nami, kwa kuwa sikujua la kufanya na ule upana wa kiganja, niliuliza swali la kifundi. Niliuliza kitu kidogo hivyo kinawezaje kuushinda mwili mzima.

"Chenyewe hakina mashine," daktari akasema. "Hakina hata uwezo wa kujizalisha. Ni maagizo tu, yamefungwa ndani ya ganda. Kikiingia kwenye seli, kinayaweka maagizo yake pale ambapo seli husoma maagizo yake yenyewe. Seli haina desturi ya kuuliza ni nani ameyaweka. Inasoma, inafanya kazi."

"Na hakuna mkaguzi?"

Alinitazama kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni. "Yupo. Kila seli ina walinzi wanaosimamisha kazi wakiona kuna kosa. Kirusi hiki huwafunga mikono kwanza. Baadaye, kwa watu wachache, kipande cha maagizo yake hushonwa ndani ya maagizo ya seli. Hapo hakitoki tena."

Alisema hushonwa. Sijui kama alijua kazi yangu.

Kisha akatoa fomu. Walitaka ruhusa ya kubaki na kipande cha nyama kilichokatwa kwangu ili kitumike katika utafiti. Akanieleza, kwa subira, kwamba mmoja wa walinzi hao wa seli alijulikana kwa sababu ya virusi vya namna hii: watafiti waliona kuna kitu ndani ya seli ambacho kirusi kinaking'ang'ania, wakajiuliza kwa nini, na walipokichunguza miaka mingi wakagundua kuwa ni mlinzi. Leo hata saratani zisizo na kirusi chochote zinaeleweka kwa kumtazama mlinzi huyo. "Mwizi ndiye aliyetuonyesha mlango ulipo," akasema. Nilitia sahihi. Sikuhisi kuwa natoa kitu. Ilikuwa nyama iliyokwisha kunitoka.

Njiani kurudi nyumbani nilikuwa nikiifikiria siku moja ya miaka mingi iliyopita, na sina budi kuieleza, kwa kuwa ndiyo iliyonisaidia kuelewa nilichoambiwa.

Katika karakana yetu, vigezo vya kukatia ni vipande vya katoni: kola, mkono, mfuko, mgongo. Kigezo cha kazi ya siku hutundikwa kwenye msumari mmoja juu ya meza. Mkataji akifika asubuhi hamuulizi mtu. Kilicho msumarini ndicho kinachokatwa, na kinachokatwa ndicho kinachoshonwa. Ni utaratibu mzuri, unaokoa maneno. Sasa, siku hiyo nilikuwa nimeajiri fundi wa kibarua, mtu mcheshi, aliyekuwa na oda yake binafsi aliyokosa mahali pa kuishonea. Alifika mapema, akatundika kigezo chake juu ya changu. Akamwondoa Mama Halima kwa kumwambia kuwa nimesema aende soko la Gikomba akanunue vifungo. Nilirudi alasiri kutoka shuleni nilikokwenda kuwapima watoto, nikakuta cherehani zote sita zinanguruma, mafundi wangu wanatoa jasho, kitambaa changu, uzi wangu, umeme wangu, na shati zinazotoka si za shule yoyote ninayoijua. Hakuna aliyekuwa amefanya kosa. Kila mmoja alikuwa amefanya kazi yake vizuri kuliko kawaida, kwani yule mcheshi alikuwa akiwasifu.

Baada ya siku ile tulitunga sheria: anayetundika kigezo aandike jina lake nyuma yake. Mama Halima alisema sheria hiyo ingetosha kwa binadamu. Nilidhani ingetosha kwa kila kitu.

Nyumbani Baba Mwende alisema maneno machache. "Tuseme ni uvimbe."

"Uvimbe?"

"Ule wa kawaida wa kina mama. Ukisema hicho kingine, watu watauliza kimetoka wapi. Watanitazama mimi, au watakutazama wewe. Mwende ana miaka kumi na miwili, Mama Mwende. Anasikia kila kitu."

Nilikubali. Sikuwa na nguvu ya kukataa, na pengine sikutaka kukataa. Ikawa uvimbe. Wazazi wa shule wakaniambia pole kwa uvimbe. Mchungaji akauombea uvimbe. Mume wangu akahamia kwenye kochi la sebuleni akisema nahitaji nafasi ya kulala vizuri, na miezi ile yote hatukugusana isipokuwa aliponipa kikombe.

Mionzi ilianza Juni, baridi ikianza kuuma. Siku ya kwanza walinilaza kwenye kitanda chembamba wakanichora alama kwa wino, moja kila nyonga na moja chini ya kitovu, vitone vitatu ambavyo havifutiki. Mimi huchora kwa chaki, nao huchora kwa wino; vinginevyo ni kazi ileile. Nilitulia kama kitambaa kinavyotulia. Mara moja kwa wiki nilipewa tibakemia, siku nzima kwenye kiti cha plastiki na sindano mkononi, na baadaye siku mbili za kutapika mate ya rangi ya chuma. Ngozi ya mapajani iligeuka nyeusi kama chungu. Nywele zilibaki kichwani, jambo ambalo watu walilitumia kuthibitisha kwamba kweli ni uvimbe. Tumbo liliharisha hata lilipokuwa tupu. Joto la ukomo wa hedhi lilinijia ghafla, yote kwa mpigo, nikivua sweta Julai asubuhi wakati wengine wamevaa makoti. Mambo mengine yalibadilika ambayo wanawake watayaelewa bila mimi kuyaandika. Muulize muuguzi, usione haya, yapo mafuta na yapo mazoezi, na hawatakwambia usipouliza.

Kwenye benchi nilikutana na Mama Brayo wa Kayole, muuza mitumba, mwanamke mnene aliyekuwa akipungua mbele ya macho yetu. Alikuwa amenitangulia kwa mionzi mitano. Mashine ilipoharibika, na iliharibika mara kwa mara, sote tulikuwa na vibofu vilivyojaa na hakuna aliyethubutu kwenda msalani, kwani fundi wa mashine husema dakika tano, na hizo tano zikageuka saa nzima.

"Jirani," aliniambia siku moja akiwa amefunga magoti kama msichana wa kipaimara, "ukinichekesha leo tutafukuzwa wote. Benchi zima litaelea."

"Sijasema kitu."

"Sura yako, jameni! Umekaa kama mtu anasimamia mtihani."

Mama mmoja mwishoni mwa benchi akacheka, akainuka mbio, akapoteza zamu yake. Mama Brayo akamfuatishia kelele: "Enda, mama, enda! Kesho pia ni siku!" Hizo ndizo zilikuwa raha zetu, nami nazihesabu kuwa raha ingawa wakati ule niliziona kwa mbali kama taa za nyumba ya watu wengine.

Ilikuwa siku ya mashine kuharibika pia aliponiuliza. Alikuwa akimenya chungwa ambalo hangelila.

"Hii kitu inakuanga na sindano, ulijua? Wasichana wakidungwa wakiwa wadogo, haiwapati. Nesi ameniambia leo. Mimi sikuwahi ambiwa. Miaka yote sijawahi ambiwa na mtu. Wewe uliambiwa?"

Nilitaka kusema hapana. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Badala yake nilikiona akilini kipande cha karatasi kwenye msumari wa karakana yetu.

Miaka miwili kabla ya ugonjwa wangu, shule iliyo jirani ilituma fomu za ruhusa kwa wazazi wa wasichana wenye umri wa miaka kumi na kuendelea. Kwa kuwa wazazi wote hupita kwangu kupima sare, mwalimu mkuu aliniomba nizigawe na kuzikusanya. Wengi wa akina mama hao huogopa fomu. Wanajua kusoma, lakini fomu ni kitu kingine. Wanaogopa kuandika mahali pasipofaa na kuaibishwa. Kwa hiyo nilifanya kile tunachofanya kila siku. Nilijaza fomu ya Mwende kama mfano, jina hapa, tarehe hapa, alama hapa, nikaitundika kwenye msumari juu ya meza ili wafuate.

Fomu ilieleza kwa mistari michache kuwa chanjo hiyo huzuia saratani ya mlango wa kizazi. Niliisoma. Lakini wiki ile karakana nzima ilikuwa ikisema kwamba sindano hiyo inafunga uzazi wa wasichana, na mtu alikuwa na sauti iliyorekodiwa kwenye simu, na Baba Mwende alisema tungoje tuone wa wengine. Sikuamini kabisa wala sikukanusha. Niliweka alama kwenye kisanduku cha Sikubali. Nilijiambia ni kwa sasa tu. Na akina mama walikuja na kalamu zao, wakasimama mbele ya meza, wakanakili. Jina mahali pa jina. Tarehe mahali pa tarehe. Alama mahali nilipoweka alama. Kumi na tisa kati yao. Niliwatazama wakifanya hivyo, na hakuna aliyeniuliza, kwa kuwa mimi ndiye Mwalimu na msumari ule haujawahi kuulizwa.

"Niliambiwa," nikamjibu Mama Brayo. "Niliandikiwa kabisa."

Akanitazama. Akaweka chungwa kwenye mfuko. "Basi wewe una kazi," akasema. "Mimi niko na bahati, sikuambiwa, sina kazi." Halafu mashine ikapona, wakamwita.

Alimaliza mionzi yake wiki moja kabla yangu. Agosti tulikuwa tuonane tena kwa mionzi ya ndani, ile ambayo mtambo huingizwa mwilini. Sitaieleza zaidi ya kusema kwamba uombe dawa ya maumivu kabla, si baadaye, na ulete soksi kwa sababu miguu huwa baridi. Mama Brayo hakuja. Simu yake ililia siku mbili, ya tatu haikulia tena. Niliketi kwenye benchi lile na chupa yangu, nikangoja nihisi kitu. Nilihisi kiu.

Septemba nilirudi karakana nusu siku. Sikuweza kukaa kwenye viti vyetu vya mbao. Mifupa ya nyonga ilikuwa kama imewekwa nje. Nilishona nimesimama. Siku ya tatu Baba Mwende alikuja na kitu kilichofungwa kwenye gunia: kigoda kipana, kimechimbwa katikati kwa kufuata umbo la mtu, laini kama kiganja. Hakuna kinyago alichokilainisha hivyo. Alikiweka chini, akakijaribu kwa mkono kama kinayumba.

"Umejuaje kipimo?" nikamuuliza.

"Miaka ishirini na miwili," akasema, akaondoka.

Nilikikalia. Hakikuniumiza. Jioni ile alirudi kulala chumbani.

Nilimwambia Mama Halima ukweli mwezi wa Oktoba, maua ya jakaranda yakiwa yamepukutika kwenye barabara ya hospitali, nilipotoka kuambiwa kuwa picha hazionyeshi kitu. Nilimweleza saratani, kirusi, fomu. Alinisikiliza bila kuacha kukagua kola.

"Uvimbe sikuuamini hata siku moja," akasema. "Mtu wa uvimbe hachapwi hivyo. Lakini ile fomu, Mwalimu, mimi nilikuwepo. Niliiona. Nikasema moyoni, huyu amesoma, anajua." Akasimama, akaenda msumarini, akaanza kutoa vigezo kimoja kimoja: mifuko, kola, mikono ya miaka miwili. Chini kabisa, imeshikwa na kutu, ile fomu ilikuwa pale.

"Haijawahi kutoka," akasema.

Niliikunja nikaiweka kwenye kijitabu cha vipimo.

Januari shule ikatuma fomu tena. Nafasi ilikuwa kwa wasichana wasiozidi miaka kumi na minne. Mwende alikuwa na kumi na mitatu. Nilijaza yake, alama kwenye Nakubali, na mkono wangu, kwa mazoea ya miaka, ukaitundika. Siku hiyo karakana ilikuwa imejaa. Baba Mwende alikuwa kwenye kona akirekebisha mguu wa meza ya kukatia. Mama wa kwanza akaja, akatoa kalamu, akanakili. Wa pili akanakili. Hawakuuliza kwa nini kisanduku kimebadilika. Ilikuwa rahisi mno. Ningeweza kukaa kwenye kigoda changu, kimya, na kufikia Ijumaa wasichana wote wangekuwa kwenye orodha, na uvimbe ungebaki uvimbe.

Mama Halima akapita nyuma yangu na rundo la mifuko. "Huyu naye hajasoma," akasema kwa sauti ya chini. "Amekata tu. Kesho mwingine akitundika yake juu, atakata hiyo."

Nilijua anasema kweli. Nilimtazama mume wangu, ambaye alikuwa amepiga magoti na patasi mkononi. Sikuwa nimemwomba ruhusa. Niliitoa fomu kwenye msumari.

"Akina mama," nikasema, "rudisheni kalamu kwanza. Ile ya zamani niliyotundika ilikuwa kosa langu. Na mwaka jana sikuwa na uvimbe. Nilikuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Inaletwa na kirusi ambacho sindano hii inakizuia."

Cherehani zikasimama moja baada ya nyingine. Mama mmoja, mwenye mtoto mgongoni, akauliza polepole, "Si hiyo ndiyo ile ya... inatoka kwa wanaume?" Akageuka, nao wote wakageuka, kumwangalia Baba Mwende.

Niliona masikio yake yakibadilika rangi. Aliweka patasi chini, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Inatoka kwa watu wawili," akasema. "Na sisi ni wawili. Sasa msikilizeni awasomee hiyo fomu, mstari kwa mstari, kila mtu aamue lake."

Niliwasomea. Ilichukua muda mrefu. Waliuliza kuhusu uzazi, kuhusu zile sauti za simuni, kuhusu mume wangu, kuhusu nywele zangu. Mmoja akasema, "Kumbe Mwalimu ulikuwa unakufa na ukatushonea sare?" na wakacheka, nami nikacheka kidogo. Wengine walikubali, wengine wakaenda kuzungumza na waume zao, wawili wakakataa wakiwa wamesoma. Hao wawili hawanisumbui.

Mwende alidungwa shuleni asubuhi ya Jumatano. Waliniruhusu kusimama kando yake. "Mathe, usiniangalie hivyo, utafanya niogope," akaninong'oneza, halafu sindano ilipoingia akanibana mkono hadi kucha zikazama. Ziliniuma. Ziliniuma vizuri kabisa, nikaendelea kuzitazama zile alama nne nyekundu hadi barabarani, nikiziminya zisipotee.

Alasiri ile alikuja Mama Kendi. Kendi alikuwa darasa moja mbele ya Mwende. Aliketi kwenye kiti cha wateja na hakuleta fomu.

"Kendi alitimiza kumi na tano Novemba," akasema. "Shuleni wamesema amepita."

"Kuna hospitali zinazodunga hata waliopita. Nitakwenda nawe kesho."

"Tutaenda." Akautazama msumari. Hakuwa na hasira. "Mimi nilifuata yako, Mwalimu. Nilifuata yako tu."

Alipoondoka nilifungua kijitabu cha vipimo, nikaitoa ile fomu ya zamani, nikaigeuza. Tangu siku ya yule fundi wa kibarua, sheria ya karakana yetu ni moja: anayetundika huandika jina lake nyuma. Nilichukua kalamu, nikaandika langu.